Me na Ja

Sheffield, saa tisa usiku, Novemba.
Mto Don umepanda hadi kwenye mawe ya karakana
walimonoa visu zamani; sasa tunanoa namba.
Vipimo ishirini na vitatu vimefungwa chini ya madaraja,
kila sekunde kila kimoja kinasema: maji yamefika hapa.
Mimi ndiye karani wao.

Programu yangu huiambia mashine: andika.
Mashine hujibu papo hapo: nimeandika.
Haijaandika.
Imeshika karatasi mkononi, imesimama mlangoni,
na diski iko ndani, haina habari.

Naijua hiyo *me*. Nimelelewa nayo.
Nimefika, husema mjomba akiwa bado anatafuta kiatu.
Nimeshatuma, nilimwambia shangazi Somoe wa Lindi,
na pesa ya dawa ilikuwa mfukoni mwa koti langu,
kituo cha tramu, Shalesmoor, mvua ya pembeni.
Haukuwa uongo kamili.
Ulikuwa ukweli uliotangulia miguu yake.

Wenzangu huuita ukurasa wa namna hii mchafu.
Sipendi. Haujachafuka, unadaiwa tu.
Ahadi ni deni, ila deni hili
hukaa ndani ya umeme, na umeme ukikatika
mdai na mdaiwa hufa pamoja.

Ulikatika saa tisa na dakika kumi na moja.
Ukarudi kabla sijamaliza kutukana.
Mashine zikaamka, zikajikung'uta, zikahesabu:
sekunde ishirini na nane hazikuwepo.
Katika sekunde hizo mto haukulala.
Bi Hattersley, ambaye nyumba yake iko chini ya daraja la tisa,
hakupandisha sauti. Aliuliza tu,
"Ziko wapi?"
Sikuwa na pa kumwonyesha.

Declan akasema, basi tusubiri kila mstari.
Andika, simama, diski ikiri, ndipo uandike wa pili.
Tukajaribu. Ilikuwa kama kuosha sahani moja,
kuifuta, kuipanga kabatini, kufunga kabati,
ndipo ushike kijiko.
Foleni ya vipimo ikarudi nyuma hadi mtoni.

Usiku wa tatu niliiambia mashine:
fungu hili, anza kulimwaga. Sikungojei.
Nikajaza la pili huku la kwanza likiteremka,
na nilipolifunga la pili, hapo ndipo nilipogeuka
kuliuliza la kwanza: umefika?
Mara nyingi lilikuwa limefika zamani,
likanitazama kama mtoto aliyekwisha kuoga.

Hata hivyo.
Maneno yanaweza kulala salama kwenye diski
na faili lisijue urefu wake,
jina lisiwe daftarini;
kama mtu aliyezikwa vizuri, kaburi halina kibao.
Kwa hiyo kila dakika, mara moja, nasimama kweli.
Siandai kitu. Nangoja jibu,
na safari hii nafurahi likichelewa.

Jumamosi nilimpigia shangazi.
Sikusema nimetuma. Nilikaa kimya kwenye simu,
nikisikia redio yake na kuku wa jirani,
mpaka akasema mwenyewe, "Imeingia. Mbona hukati?"

Kwenye kioo cha chumba cha zamu, palipoandikwa TAYARI,
nimebandika neno jingine kwa yale yaliyo njiani.
Declan aliuliza maana yake ni hapana?
Nikamwambia si hapana. Ni ile *ja*:
haijaandikwa, haijapotea, usiondoke.
Ameshindwa kulitamka vizuri, lakini Bi Hattersley analo.
Jana alisimama dirishani na kikombe chake, majira ya saa kumi,
maji ya kahawia yakipita na tawi la mti na kiti cha plastiki,
na fundi wa pampu akamuuliza kama mto umeshuka.
"Bado," akasema.